Mstari Tuliougombania Bwera

Vijana, kabla hamjaniuliza chochote kuhusu kazi, mjue kwanza kwamba nawaonea wivu. Sisemi ule wivu wa heshima, wa mzee anayesema "ninyi mna bahati" huku akitabasamu. Nasema wivu wenyewe, unaokwama kifuani kama bundu, ugali wetu wa muhogo, lililomezwa bila mchuzi. Binti wa jirani yangu hapa Kasese anaandika neno await, na programu yake inakaa kusubiri kwa adabu kama mgeni aliyekuja kuposa. Nikimtazama natamani umeme ukatike.

Sisi tulianza na mabano. Tuliiambia kompyuta: nenda kaulize jambo hili, ukijibiwa ufanye hivi. Ndani ya hivi kulikuwa na swali lingine, na jibu lake lilikuwa na hivi nyingine, na kila swali lilisukuma mistari kulia kidogo, mpaka programu ikatoka nje ya kioo. Nilikuwa nasoma kazi yangu nimelaza kichwa begani, kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Shingo hii inayoniuma ni ya mabano. Kabugho, mke wangu, anasema ni ya uvivu, lakini yeye hajawahi kufunga mabano.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa programu moja tu, ya lugha ya JavaScript, niliyoiandika mwenyewe na kuitunza mwenyewe nikiwa kwenye kiti changu barazani. Ilikuwa ya yadi ya malori ya Mama Mbambu, kule Bwera karibu na mpaka. Lori likifika, dereva anaandikishwa jina na namba ya simu. Programu inaiuliza kompyuta ya mpakani kama karatasi zake zimepita. Jibu likirudi, dereva anapata ujumbe: fulani, karatasi zako tayari, njoo dirishani. Basi, ndiyo yote. Kabla ya hapo madereva walisimama dirishani tangu asubuhi wakisukumana kwa viwiko.

Nilitaka kubaki na programu hiyo mpaka macho yakatae. Mtu mwingine naye akaitaka. Hayo ndiyo ninayowasimulia, na nikipotea njiani kueleza jambo la kazi, vumilieni, mzee asiyepotea njiani hajasimulia.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Niliacha masomo sekondari, na watu wanadhani ni karo, lakini ukweli ni kwamba shule ilikuwa mbali na nyumbani kulikuwa kuzuri. Kompyuta niliipendea hilohilo: ni kazi ambayo lori liko Bwera na wewe uko na chai yako. Kiti changu kina shimo la umbo langu. Mgeni akikikalia anainuka mwenyewe, anahisi ameingia mahali pa mtu.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza. Ndani ya JavaScript kuna mfanyakazi mmoja. Wengi wenu mnaandika kama vile kuna kijiji kizima mle ndani, kumbe ni mmoja tu, anazunguka. Vitabu vinamwita mzunguko wa matukio. Mimi namwita msagaji.

Nenda kwenye kinu chochote cha kusaga, hata hapo Kisinga. Mashine moja, msagaji mmoja, magunia yamepangwa mstari. Wenye magunia hawako. Mmoja ameenda sokoni, mwingine ameenda hospitali kumwona mgonjwa, na gunia lake likifikiwa ataitwa. Na muhogo ambao haujakauka hauletwi pale kabisa. Unabaki nyumbani juani, ukikauka ndipo unakuja kupanga mstari. Msagaji hana sababu ya kwenda kukaa uani kwa mtu akitazama muhogo ukikauka, maana wakati huo nani anasaga? Kuiuliza kompyuta ya mpakani ni muhogo juani. Jibu likirudi, gunia limefika. Msagaji anasaga, anashika linalofuata, anasaga. Mstari ukiwa mtupu anapumzika, na hapo ndipo mashine yako inakuwa baridi na wewe unajisifu.

Mkielewa hapo mmeelewa jambo lililonichukua nusu ya ujana wangu. Mmelielewa kwa dakika moja, na hilo nalo linaniuma.

Kosa kubwa ni kumletea msagaji gunia moja lenye ukubwa wa nyumba. Atalisaga, hatakataa, lakini wengine wote watangoja. Mimi nililileta gunia hilo kila juma, na nililipenda. Lilikuwa ripoti. Kila mwisho wa juma nilibonyeza kitufe, programu ikapitia malori yote tangu siku ya kwanza, ikayapanga kwa herufi, na mimi nikatazama kazi yangu ikipita kwenye kioo kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakirudi.

Siku moja simu ikalia nikiwa katikati ya raha hiyo.

"Muzee Bwambale? Njo mimi Paluku, wa ku yadi. Samahani ya kukusumbua. Uko nafanya nini saa hii?"

"Kwa nini?"

"Juu hapa kila kitu imesimama. Batu beko nakasirika."

"Nimebonyeza ripoti tu."

"Eeh. Na juma iliyopita ulibonyeza?"

"Nilibonyeza."

"Na juma iliyopita ilisimama. Muzee, wewe uko naangalia malori, na sisi tuko naangalia ukuta."

Huyo ndiye Paluku, na kwa Kiswahili cha kwao njo ni ndiyo, na batu ni watu. Alikuwa ametoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, na mkewe na watoto, mambo kwao yalipokuwa mabaya, akapanga chumba Bwera nyuma ya kanisa la Katoliki. Mama Mbambu alimchukua aandikishe malori getini. Hakuna aliyeniambia kwamba kwao alisoma kompyuta, tena kwa Kifaransa. Palepale kwenye simu akanieleza dawa: ikate kazi vipande, maliza kipande kimoja, kisha jirudishe mwisho wa mstari ili wengine wapite. Nilimwambia nitafikiri. Nilikata vipande siku hiyohiyo, ikakubali, yadi haikusimama tena, na mimi nikakaa na hasira juma zima. Andikeni hilo mahali: kazi ndefu ikatwe. Jina la aliyenifundisha si lazima mliandike.

Kwa wasiotoka kwetu, inabidi nieleze ubaya wa jina lake. Sisi Bakonzo mtoto hatafutiwi jina, anazaliwa nalo. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na kuendelea hivyo, na wasichana wana mstari wao. Ndugu zetu wa ng'ambo wanafanya vilevile, wanabadilisha herufi tu, na Baluku wetu kwao ni Paluku. Maana yake yule bwana ni wa kwanza. Mimi ni Bwambale. Nimekua nikivaa mashati ya Baluku wetu, nikipanda baiskeli ambayo Baluku ameshaikunja, nikiambiwa na walimu "wewe ni ndugu yake Baluku?" Nimeota mvi, nimepata mahali pangu peke yangu duniani, kwenye kiti chenye shimo langu, halafu naletewa Paluku. Ni mdogo wangu kwa umri, na bado ni wa kwanza.

Alipokuja Kasese kunisalimia, Kabugho alimpikia samaki. Alipoondoka nikauliza kama ameona jinsi anavyojidai.

"Nimeona anavyokula," Kabugho akasema. "Anakula, anasema asante."

"Kwani mimi sisemi?"

"Wewe unasema chumvi."

Tangu hapo nikisikia jina la Paluku nahisi chumvi.

Ngojeni niwape jambo lingine kabla wivu haujanimaliza. Mkiiambia programu "baada ya dakika moja fanya hivi", msidhani imeahidi dakika moja. Imeahidi kutofanya kabla. Nilijiwekea kengele ya chai kwenye programu ileile ya yadi, kwa sababu nilikuwa na nguvu hiyo na hakuna wa kunizuia. Siku za ripoti kengele ilichelewa, chai ikapoa, nikamlaumu Kabugho. Saa ilikuwa imefika, lakini msagaji alikuwa amezama kwenye gunia langu kubwa, na kengele ilikuwa imesimama mstarini kama mtu mwingine yeyote. Na jambo la tatu: ukiuliza swali, panga pia utafanya nini usipojibiwa. Mvua ikinyesha mlimani mtandao unakatika, jibu halirudi, na kama hukuandika la kufanya programu inanyamaza tu. Dereva mmoja alingoja yadini mpaka akaanza kuwasaidia wapishi kumenya viazi, akizungumza nao kama mwajiriwa.

Turudi kwa Paluku. Mama Mbambu alimruhusu aiguse programu. Mimi nilijua nilipoifungua asubuhi nikakuta mistari nisiyoifahamu, mizuri, imenyooka, haina mabano yanayokimbilia kulia. Ilikuwa kama kumkuta mtu amevaa viatu vyako, na vinamkaa.

Alichofanya ni kufungua kamba yangu. Mimi, kwa hofu, nilikuwa nimewafunga madereva kwa kamba: wa pili haulizwi mpakani mpaka wa kwanza ajibiwe. Yaani nilikuwa na msagaji anayeweza kuhudumia wilaya nzima, nikamwambia asiguse gunia la mtu mpaka muhogo wa mwenzake ukauke. Ilikuwa polepole, lakini ilikuwa salama, na mtu wa nyumbani anapenda salama. Paluku aliikata kamba. Dereva akifika anaulizwa hapohapo, na anayemfuata hapohapo, majibu yarudi yanavyorudi. Yadi ikaanza kukimbia. Madereva wakamwita mwalimu. Mimi waliniita Muzee, na wengine walidhani nimekufa.

Kisha ujumbe ukaanza kupotea, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba unapotea.

Hapa muwe makini. Juu kabisa ya programu niliandika mstari mmoja, kisanduku nilichokiita dereva. Aliyefika sasa hivi anaingia kisandukuni na namba yake ya simu. Jibu likirudi kutoka mpakani na jina, programu inachungulia kisandukuni ichukue namba, inatuma. Wakati wa kamba hapakuwa na shida, maana kisandukuni alikuwemo mtu mmoja mpaka amalizwe. Kamba ilipokatika, wa kwanza akiwa bado anangojea jibu, wa pili anaingia kisandukuni, wa tatu anamsukuma wa pili, na jibu la wa kwanza linaporudi linakwenda kwenye simu ya aliyefika mwisho.

Mahali pengine popote hilo lingejulikana siku hiyohiyo. Kwetu, ujumbe unasema "Baluku, karatasi zako tayari", unaingia kwenye simu ya Baluku mwingine, na Baluku huyo anakwenda dirishani bila wasiwasi. Anaambiwa ngoja kidogo, anangoja, mwishowe karatasi zake zinapita kweli. Anarudi akisema leo kuna foleni. Hakuna aliyelalamika. Na Bwambale akipata ujumbe wa Masereka? Kila Bwambale ana mdogo wake Masereka nyumbani. Anampigia: "Masereka, karatasi zako ziko tayari Bwera." Masereka mmoja aliteremka kwa miguu kutoka Mahango, mtu wa maharage, hana lori, hana hata toroli, akafika dirishani amevaa koti la kanisani, akasema amekuja kuchukua karatasi. Za nini? Hajui. Ameambiwa na kaka yake.

Aliyetufumbua macho ni Okello, dereva wa samaki, anayebeba kutoka Kahendero kwenda ng'ambo. Okello baba yake alikuwa askari, amezaliwa kambini, kwa hiyo kila mtu kwake ni afande. Alishika simu yake akaenda moja kwa moja kwa Mama Mbambu.

"Mama, uliza hawa watu wako wa kompyuta. Mimi nimekuwa Mukonzo lini?"

"Kwani vipi?"

"Simu inaniita Baluku. Halafu Masereka. Halafu tena Baluku. Na hata mkitaka kunichukua, chukueni vizuri. Mimi kwa mama yangu ni kijana wa tano."

"Basi kwetu wa tano ni Thembo," Mama Mbambu akasema, maana hawezi kuacha jambo kama hilo lipite.

"Thembo sawa. Lakini barafu yangu inakuwa maji, na karatasi ya Okello imeenda kwa nani?"

Mama Mbambu akanipigia simu siku hiyo. Hana maneno mengi yule mama. Alisema yadi yake haiwezi kulelewa na baba wawili, mmoja akifunga na mwingine akifungua. Alitaka tukutane kesho yake Bwera, sote wawili, aambiwe nani ameharibu. Mmoja atabaki na programu. Mwingine apumzike.

Nikafungua mashine, nikatafuta, nikakiona kisanduku. Nikaona pia kamba ilivyokatwa, na mkono uliokata. Vijana, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi, na Kabugho asisomewe hapa. Mstari ulikuwa wangu, ndiyo, lakini ulikuwa hauna hatia. Ulikaa miaka yote bila kumdhuru mtu. Mtu mwingine alikuja akaondoa kamba iliyoushikilia. Nikaandaa hotuba. Ilikuwa inaanzia kwenye kinu cha kusaga, inapitia muhogo, inaishia kwa Paluku.

Okello alikuwa anapita Kasese asubuhi, akanipakia kwenye lori. Mimi na barabara hatupendani. Nilishika mlango tangu mjini mpaka njia ya Kisinga.

"Afande, kwani unaogopa nini? Lori halina mabawa."

"Siogopi. Nafikiria."

"Unafikiria Paluku."

"Nafikiria programu."

"Mimi ukiniuliza," Okello akasema, "yule mtu ni mzuri. Lori langu likifika anasema karibu. Wewe ndiyo leo nakuona sura. Nilidhani wewe ni kitu ndani ya kompyuta."

Nikaushika mlango kwa mikono miwili.

Tulimkuta Mama Mbambu amekaa mlangoni mwa ofisi kwenye kiti cha plastiki, simu mbili mapajani. Paluku alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, kama mtu anayengoja kukomunika kanisani. Nikasalimia, wakaitikia, nikaletewa benchi. Benchi halina mgongo. Niliona hilo kama dalili.

"Haya," Mama Mbambu akasema. "Nani ameniharibia yadi?"

Nikakohoa kidogo, kuweka koo sawa kwa ajili ya kinu.

"Ni mimi," Paluku akasema.

Nikabaki na kikohozi changu.

"Kosa iko yangu, Mama. Muzee aliweka kamba. Mimi nikatosha kamba, nikakata, bila kuangalia ilikuwa nashika nini. Jana nikasoma yote tangu juu, njo nikaona. Nasikia haya."

"Umeona mahali penyewe?"

"Mustari wa juu kabisa. Kila dereva anaingia mule, anafukuza mwenzake."

Mama Mbambu akatikisa kichwa kukubali, polepole, kwa namna ambayo hajawahi kunitikisia mimi. "Mtu anayejua alipokosea anajua mahali pa kurudi," akasema. "Huyo ndiye ninayemtaka."

Nikaona programu yangu inaondoka. Naiona inaondoka kwa sababu ya kosa, na kosa lenyewe, ukilitazama vizuri, ni la nani? Nikasimama.

"Hapana, Mama. Kosa ni langu. Mstari huo niliuandika mimi."

Paluku akanigeukia, ameshangaa kwa moyo safi. "Lakini Muzee, mustari yako ilikuwa bien, muzuri. Haikufanya mutu mubaya. Ni mimi njo niliharibu."

"Usinifundishe mstari wangu. Ulikuwa mbaya tangu siku niliyouandika."

"Ilikuwa imelala tu. Mimi nikaamusha."

"Mbaya ni mbaya hata akilala."

"Muzee, usinichukulie mambo yangu. Kamba nilitosha kwa mukono yangu."

"Kamba niliiweka kwa sababu ya huo mstari. Bila mimi ungetoa nini?"

Okello alikuwa ameegemea tairi la lori lake, anatafuna muwa. "Afande," akasema, "kambini nimeona watu wakikana makosa mbele ya mkubwa. Hii ya kunyang'anyana ndiyo naona leo."

Mama Mbambu alicheka mpaka simu moja ikaanguka. Nami nikajua kwamba nilikuwa sahihi, ninawaapia, na nilichoona uchungu ni kwamba nilikuwa sahihi nikiwa wa pili. Alichosema Paluku akiwa wa kwanza kilikuwa uungwana. Mimi nikisema maneno yaleyale nyuma yake, ilikuwa wivu, na kila mtu pale yadini, hata mpishi wa viazi, aliona ni wivu.

"Basi nimesikia," Mama Mbambu akasema akifuta macho. "Kosa lina baba wawili, mgawane. Mimi niambieni jambo lingine. Ikisimama asubuhi, na malori yamejaa mpaka barabarani, nani atakuwa hapa?"

"Mimi niko hapa," Paluku akasema.

Wote wakanitazama. Lilihitajika neno moja tu, hata Paluku naona aliniachia nafasi niliseme. Na mimi, badala ya neno, nikafikiria kiti. Nikafikiria baraza, na saa ambayo Kabugho analeta chai, na chumba cha kupanga chenye benchi lisilo na mgongo.

"Naweza kuunganisha nikiwa Kasese," nikasema. "Mtandao ukiwa mzuri."

Mama Mbambu hakubishana. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mzee Bwambale, umenitumikia vizuri sana. Sasa nenda ukapumzike." Alisema kwa upole uliozidi kipimo. Afadhali angenifokea.

Kabla sijaondoka Paluku aliniomba tuketi pamoja tuirekebishe. Nilitaka kukataa, ila nilitaka zaidi kuona kama ataharibu. Hakuharibu. Na hii ndiyo sehemu mtakayoitumia, kwa hiyo acheni kunicheka. Usiweke mtu mahali ambapo kila mtu anapita. Kila swali libebe dereva wake lenyewe, liende naye mpakani, lirudi naye, kama mwenye gunia aliyeandika jina lake kwenye gunia lake na si ukutani mwa kinu. Hata wakifika mia kwa pamoja, hawataonana. Na ukikuta kamba kwenye programu ya mzee, usiicheke na usiikate kwanza. Vuta polepole uone ni kitu gani kinasogea upande wa pili.

Mwishoni ulibaki ule mstari wa juu, hauna kazi tena. Paluku akasukuma mashine upande wangu.

"Futa wewe, Muzee. Njo yako."

"Si ulisema ni yako?"

"Kosa ni yangu. Mustari ni yako."

Nikaufuta. Nilitegemea kitu kitokee, hata mashine isite kidogo kwa heshima. Malori yakaanza kuitwa, kila mtu kwa jina lake na simu yake, haraka kuliko walivyowahi kuitwa siku zangu. Simu ya Okello ikalia. Akaisoma kwa sauti: "Okello, karatasi zako tayari." Akaniangalia kama mtu aliyerudishiwa ukoo, akapanda lori.

Nilirudi Kasese kwa boda boda mpaka njia kuu, kisha kwa gari la mtu aliyenihurumia. Kabugho alikuwa barazani anachambua mchele. Nikakaa kitini, kikanipokea.

"Nani amebaki?" akauliza.

"Paluku."

Akachambua punje kadhaa. "Kwa hiyo sasa utakuwa hapa."

"Mimi siku zote niko hapa."

"Siku zote ulikuwa hapa na kazi. Sasa utakuwa hapa unaniangalia mimi."

"Kuna ubaya gani?"

Akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akaingia ndani. Nikamsikia anaongea na simu, kwa sauti ile ya furaha anayoitunza kwa ajili ya wageni.

"Paluku, baba, hongera sana," alikuwa anasema. "Ndiyo, amefika salama. Ndiyo, amekasirika. Sasa niambie, huko hakuna kazi kidogo tu ya kumpa? Hata ripoti."

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichoniinua kitini ni kwamba namba ya Paluku alikuwa nayo.